Nani Aliyetenda? Sarufi ya Ghasia za Kisiasa katika Mpaka wa Busia na Malaba

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi ghasia za kisiasa zinavyosimuliwa kwa Kiswahili, na namna usimulizi huo unavyoweza kufichua au kuficha sababu za ghasia pamoja na mikakati ya wanaozitenda. Mahali palipochaguliwa kwa uchunguzi ni Busia na Malaba, miji miwili ya Kenya iliyo katika mpaka wa Uganda. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, ghasia za kisiasa si gharika wala tetemeko la ardhi. Ni kazi inayofanywa na watu, kwa nia, na kwa wakati uliochaguliwa. Pili, Kiswahili kina nyenzo zote za kulisema jambo hilo waziwazi, lakini mazoea ya uandishi wa magazeti, wa taarifa za serikali na hata wa insha za shuleni yamependelea zile nyenzo zinazomwondoa mtendaji katika sentensi.

Yaweza kudhaniwa kwamba suala hili ni la wanahistoria na wanasheria, wala haliwahusu wataalamu wa lugha. Dhana hiyo haifai kukubaliwa. Shahidi anaposimama mbele ya tume akasema "tulifukuzwa", kisha maneno yake yakaandikwa kana kwamba amesema "tulikimbia", lililotokea si kosa dogo la tafsiri. Kuna mtu aliyefukuza, na mtu huyo ameondoka katika kumbukumbu bila kuulizwa lolote.

Mpaka kama kipimo

Busia na Malaba hufaa kuwa kipimo cha nadharia za ghasia kwa sababu ya umbo la mahali penyewe. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza iliuondoa uliokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuwa Kenya. Mstari uliotokana na uamuzi huo ulipita katikati ya watu waliokuwa wakisemezana na kuoana. Wasamia wako pande zote mbili. Wateso wako pande zote mbili. Barabara ya Kisumu huingia Uganda kwa Busia. Barabara ya Eldoret na reli ya kutoka Mombasa huingia kwa Malaba. Kwa hiyo hapa mambo matatu hukutana: ukoo usiojua mpaka, serikali mbili zisizojua ila mpaka, na mizigo inayopaswa kupita kila siku.

Iwapo chuki ya makabila ndiyo chanzo cha ghasia, kama wengi wanavyoshikilia, basi ghasia za mpakani zingefuata mistari ya makabila, na zingekuwa na adui mmoja daima. Lakini matukio matatu yanayojulikana yanaonyesha kinyume.

La kwanza ni la mwaka 1976. Mwezi wa Februari mwaka huo Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda kihistoria. Mwezi wa Julai makomando wa Israel waliushambulia uwanja wa ndege wa Entebbe, na ndege zao zikatia mafuta Nairobi. Baada ya hapo Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliandamwa; wengi waliuawa na maelfu wakarudi Kenya. Aliyekuwa adui hapa alitambuliwa kwa uraia wake. Msamia wa Kenya alikuwa hatarini mahali ambapo Msamia wa Uganda, ndugu yake kwa ukoo, hakuwa hatarini kwa sababu hiyo.

La pili ni la Desemba 1987, ambapo askari wa Kenya na wa Uganda walipigana kwa risasi huko Busia na mpaka ukafungwa. Nyuma ya mapigano hayo mlikuwa na shutuma za kila upande kwamba mwenzake anawahifadhi wapinzani wake, na mlikuwa pia na ugomvi wa uchukuzi: Uganda ilitaka mizigo yake ipite relini, jambo lililowaumiza wenye malori wa Kenya. Mwisho wa mwezi huohuo Marais Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walikutana Malaba na ugomvi ukatulizwa. Adui hapa alikuwa sare ya askari wa nchi ya pili, naye alikoma kuwa adui mara wakubwa walipokubaliana.

La tatu ni la baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zilienea katika sehemu nyingi za nchi. Maelfu ya Wakenya, wengi wao Wakikuyu waliokuwa wakifanya biashara katika miji ya magharibi, walivuka Busia na Malaba wakaingia Uganda, wakapokewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye baadhi yao wakahamishiwa Kiryandongo. Adui hapa alitambuliwa kwa kabila, lakini kabila lililosomwa kama kadi ya kura.

Mara tatu, maadui watatu wa aina tatu, na majirani ni walewale. Kilichobadilika si moyo wa mkazi wa Busia, bali mkono ulioshika kalamu ya kumwandika adui. Chuki ya asili haiwezi kueleza mabadiliko hayo. Siasa yaweza.

Chanzo, kichocheo na kisingizio

Udhaifu wa kwanza wa usimulizi uliozoeleka ni kuchanganya istilahi za sababu. Kiswahili kina maneno manne ambayo mwandishi makini hana budi kuyatenga. Chanzo ni hali ya muda mrefu inayofanya ghasia ziwezekane. Kichocheo ni tukio linaloziwasha. Sababu, kwa maana finyu, ni nia ya mtendaji. Kisingizio ni lile analolitaja hadharani.

Katika tukio la 1976, chanzo kilikuwa utawala uliokwisha kuuvunja uchumi wake na kuhitaji adui wa nje. Kichocheo kilikuwa Entebbe. Sababu ilikuwa kulipiza kisasi na kujikinga na aibu. Kisingizio kilikuwa historia ya mipaka. Atakayeandika kwamba Amin aliugombania mpaka kwa kuwa mpaka ulichorwa vibaya na wakoloni amekiweka kisingizio mahali pa sababu. Mpaka ulichorwa vibaya kweli, lakini ulikuwa umechorwa hivyo kwa zaidi ya miaka sabini bila kuua mtu kwa namna ile.

Kadhalika, katika tukio la 2007 na 2008, wizi wa kura, ama wa kweli ama wa kudhaniwa, ulikuwa kichocheo. Chanzo kilikuwa cha zamani zaidi: ugawaji wa ardhi usio wa haki, vyeo vya serikali vilivyogeuzwa mali ya jamaa, na mazoea ya tangu 1991 na 1992 ya kuwafukuza wapiga kura wasiotakiwa katika Bonde la Ufa na kandokando yake. Tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi iliyachunguza mapigano hayo ya awali. Tume ya Jaji Waki ikazichunguza ghasia za baadaye, na kuhesabu watu 1,133 waliokufa.

Nadharia mashuhuri za nje hutoa msaada zikitumiwa kwa uangalifu. Ted Gurr, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliona kwamba watu huasi wanapopata kidogo kuliko wanachoamini kuwa ni haki yao. Nadharia hiyo hueleza hasira, lakini haielezi kwa nini hasira hulipa kodi kwa kalenda ya uchaguzi. Hannah Arendt, mwaka huohuo, alitenga mamlaka na mabavu, akasema kwamba mabavu hujitokeza pale mamlaka yanapopungua. Kauli hiyo huwafaa Amin na wengine waliohitaji bunduki kwa kuwa walikwisha kupoteza ridhaa. Stathis Kalyvas, mwaka 2006, aliongeza jambo ambalo wasimulizi wa mpakani hulisahau: watu wa mahali huitumia vita ya wakubwa kumaliza hesabu zao wenyewe. Duka linapovunjwa kwa jina la chama, huenda aliyelivunja alikuwa mdaiwa wa mwenye duka. Mkakati wa juu na tamaa ya chini hushirikiana, wala kimoja hakikifuti kingine.

Sarufi inayoficha

Ziangaliwe sasa sentensi za kawaida ambazo msomaji wa Kiswahili hukutana nazo kila ghasia zinapoelezwa: "Ghasia zilizuka mjini." "Wananchi walipigana." "Nyumba ziliteketea." "Watu walitawanyika." "Kulitokea vifo." Kila moja ni Kiswahili sanifu. Zikiwekwa pamoja, hata hivyo, zinaunda taarifa nzima ya uhalifu isiyo na mhalifu.

Kitenzi "kuzuka" hutumika kwa jambo lisilotazamiwa. Kwacho hupatikana "mzuka", kitu kinachojitokeza bila mtu kujua kilikotoka. Kusema kwamba ghasia zilizuka ni kuzitia katika jamii ya mizuka. Lakini mabomba ya petroli, magari ya kuchukua vijana, na orodha za nyumba za kuchomwa havizuki. Huandaliwa.

Kauli ya kutendana ina hatari ya namna nyingine. Kiambishi "-an-" hugawa tendo sawasawa: waliopigana wote wamepiga na wote wamepigwa. Inafaa kwa majeshi mawili ya Desemba 1987, kwani kila upande ulifyatua risasi. Haifai hata kidogo kwa mchuuzi aliyefungiwa ndani ya duka lake na kundi la watu hamsini. Mchuuzi huyo hakupigana, alipigwa. Taarifa ikisema kwamba makabila "yaliuana", imemnyang'anya marehemu hata haki ya kuwa mtendwa.

Kauli ya kutendeka, pamoja na vitenzi visivyo na yambwa kama "kuteketea" na "kuungua", hulifanya tendo kuwa hali. "Nyumba ziliteketea" na "nyumba ziliteketezwa" zina tofauti ya silabi chache, lakini katika ile ya pili msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Katika ile ya kwanza swali hilo halina pa kushika. Vivyo hivyo "walitawanyika" na "walitawanywa". Mfano wenye uzito kuliko yote ni wa risasi. Tume ya Waki ilionyesha kwamba kati ya wale 1,133 waliokufa, 405 walikufa kwa kupigwa risasi. Raia wengi wa Kenya hawana bunduki. Kwa hiyo sentensi "watu walifariki wakati wa machafuko" inaposimama badala ya "polisi waliwapiga watu risasi", sarufi imefanya kazi ya wakili.

Hata jina "mkimbizi" lastahili kutazamwa upya. Kimofolojia ni jina la mtendaji: mtu akimbiaye. Aliyevuka Malaba mwezi wa Januari 2008 akiwa na mtoto mgongoni huitwa kwa tendo lake yeye, na tendo la aliyemfukuza halikuacha jina lolote. Lugha ina "mfukuzaji", lakini ni nadra kuliona neno hilo likiandikwa sambamba na "mkimbizi". Haipendekezwi hapa kwamba neno "mkimbizi" liachwe, maana limekwisha kuwa istilahi ya sheria. Inapendekezwa kwamba lisitumiwe peke yake kana kwamba limeeleza yote.

Maneno kama mikakati

Ikiwa usimulizi huficha, maneno ya watendaji wenyewe mara nyingi hufichua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Milton Obote, askari wa Uganda waliyazingira makazi na kuwakamata watu kwa wingi wakiwapakia katika malori. Amri iliyotolewa ilikuwa ya Kiswahili, "panda gari", nayo ikageuka kuwa jina la operesheni yenyewe hata katika vinywa vya wasiosema Kiswahili. Sarufi yake yafaa kuangaliwa. Amri kwa watu wengi ingekuwa "pandeni". Kiswahili cha kambini hakikujali wingi. Umati uliamriwa kama mtu mmoja asiye na jina. Ndiyo maana ya mkakati huo: kutochagua mwenye hatia, ili kila mtu ajione mshukiwa.

Tukio hili linaeleza pia kwa nini Kiswahili kilichukiwa na Waganda wengi kwa muda mrefu. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wananchi walikisikia zaidi vizuizini kuliko madarasani. Katiba ya Uganda ilipogeuzwa mwaka 2005 Kiswahili kikaruhusiwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, lugha haisafishwi na amri. Mwalimu wa Kiswahili anayevuka Busia kwenda kufundisha upande wa pili hana budi kujua ni kumbukumbu gani zimemtangulia.

Upande wa Kenya nao una msamiati wake. Neno "madoadoa", ambalo katika matumizi ya kawaida ni alama juu ya nguo au ngozi, lilitumiwa na wanasiasa kuwataja wakazi wa makabila mengine katika eneo lililodaiwa kuwa la kabila moja. Sitiari hiyo ina mantiki kamili ya kitendo: doa huondolewa, wala haliulizwi lilifikaje wala lilinunua shamba kwa nani. Aliyeitamka hadharani hakuhitaji kusema "fukuzeni". Kwa sababu hiyo sitiari ni mkakati bora kuliko amri, maana mahakamani msemaji aweza kudai kwamba alizungumzia usafi.

Serikali nazo hutumia sitiari. Mwezi wa Machi 2008 jeshi la Kenya lilianza operesheni katika Mlima Elgon, kaskazini ya Malaba, dhidi ya kundi la Sabaot Land Defence Force lililokuwa limewaua na kuwatesa wakazi tangu 2006. Operesheni hiyo ilipewa jina "Okoa Maisha". Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba askari nao waliwatesa mamia ya wanaume, na kwamba baadhi hawakuonekana tena. Kundi lilidai kutetea ardhi. Jeshi lilidai kuokoa maisha. Mwanakijiji aliyekuwa katikati alishtakiwa na kila upande kwa kuusaidia mwingine. Mhakiki anayeyapokea majina hayo bila kuyachunguza amekwisha kuchagua upande.

Pingamizi na majibu

Yapo mambo matatu yanayoweza kutolewa dhidi ya hoja hii. Kwanza, itasemwa kwamba mwandishi wa habari hana uwezo wa kumtaja mhalifu kabla ya mahakama. Ni kweli, lakini kauli ya kutendwa haimtaji mtu kwa jina. Inasema tu kwamba mtendaji yupo. "Duka lilichomwa" haimkashifu yeyote, na haimghilibu msomaji.

Pili, itasemwa kwamba kutaja makabila na makundi huchochea kisasi, na kwamba lugha ya jumla hutuliza. Pingamizi hili lina uzito, hasa mpakani ambako uvumi huvuka haraka kuliko malori. Hata hivyo, kinachochochea ni kulitaja kabila zima mahali pa watu waliotenda. "Kabila fulani lilichoma" na "ghasia zilizuka" ni ndugu wawili, ijapokuwa hawafanani kwa sura: ile ya kwanza inawatia hatiani wasiotenda, na ile ya pili inawaachilia waliotenda. Kesi zilizopelekwa The Hague kuhusu ghasia za 2007 na 2008 zilikwisha bila mtu yeyote kutiwa hatiani kwa ghasia hizo. Ukimya wa lugha haukuwa sababu pekee, lakini haukuwasaidia waliofiwa.

Tatu, itasemwa kwamba fasihi ndiyo yenye kazi ya kutaja uchungu huu, wala si taarifa. Riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, iliyotoka mwaka 2017 na kusomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya, imeifanya kazi hiyo kwa uwezo mkubwa. Mhusika wake Ridhaa, daktari, anaipoteza jamaa yake kwa moto baada ya uchaguzi; na riwaya haiuachi moto huo uwe mzuka, bali inaurudisha nyuma hadi kwenye utoto wake, alipotengwa shuleni kwa kuhesabiwa kuwa mgeni. Huo ni ufafanuzi wa chanzo kwa maana kamili. Upungufu wake uko kwingine: kwa kuwa nchi yake ni ya kubuni, mwanafunzi aweza kujibu maswali yote ya mtihani juu ya dhamira ya ukabila bila kuuliza lolote kuhusu Busia, Burnt Forest au Kisumu. Fasihi haiwezi kubebeshwa peke yake mzigo ambao taarifa imeutupa.

Hitimisho

Kuna neno jingine lililozaliwa katika mpaka huu. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo ambao magari ya abiria hayakuupita kwa urahisi, na vijana wenye baiskeli wakawa wakiwabeba watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili wakinadi kwa neno la Kiingereza walilolitamka kwao: boda, boda. Busia na Malaba zote hudai heshima ya uzazi wa neno hilo, nalo limeenea Afrika Mashariki nzima. "Panda gari" lilitungwa na wenye nguvu, likawafanya watu kuwa mizigo. "Boda boda" lilitungwa na wasio na nguvu, na ndani yake mpaka umekuwa njia ya riziki. Februari 2018 marais wa nchi mbili walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha huko Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja. Serikali zilikuwa zimewafuata waendesha baiskeli kwa kuchelewa.

Somo kwa wataalamu wa lugha ni la kazi zaidi kuliko la nadharia. Ripoti za tume za Akiwumi, Waki, na ile ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013, ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mashahidi wengi walisema Kiswahili na lugha za kwao. Inafaa ushahidi huo ukusanywe na kusomwa katika lugha ulimotolewa, kauli za vitenzi zikilinganishwa na tafsiri zake, ili ijulikane ni watendaji wangapi walipotea njiani. Inafaa pia kamusi ziyaonyeshe maneno kama "madoadoa" na "panda gari" pamoja na historia ya matumizi yake, badala ya kuyapita kana kwamba ni ya mitaani. Na inafaa mwalimu wa insha, anapoisahihisha sentensi isemayo kwamba ghasia zilizuka, aandike pembeni yake kwa wino mwekundu swali moja tu: nani aliyetenda?